Mke Mzima

Tawa, 3 Februari 2025

Dada Kaluki,

Usishangae kuona naandika kwenye karatasi ya mfuko wa unga. Hapa hatupewi daftari, na simu yangu ilichukuliwa langoni siku Musyimi aliponileta. Anayekutumia barua hii ni Nasteho, mwenye duka la jumla hapa Tawa. Yeye ndiye huleta unga na sukari jikoni, na mimi nimepangwa jikoni kwa sababu ati kazi ya moto humchosha pepo. Ataipiga picha barua hii akutumie. Wewe pia andika, piga picha, umtumie. Ataitoa kwa printa na kunifichia katikati ya magunia. Lakini usimpigie simu akiwa huku, na usimwambie anipe niongee. Wakituona tumesimama sana watatafuta duka lingine, na mimi sitakuwa na mtu.

Najua Musyimi amewaambia nimekuja maombi ya siku mbili tatu. Si hivyo. Hapa panaitwa Nyumba ya Uzima. Kuna ukuta, kuna lango, na kuna sheria moja kubwa: aliyekuleta ndiye atakayekutoa. Aliyenileta ni mume wangu. Mama yake alikuwa nyuma amebeba mkoba wangu, utadhani ananipeleka bweni.

Unajua chanzo. Wewe unajua nina kifafa tangu darasa la sita, baba anajua, na Musyimi nilimwambia kabla ya harusi. Alinyamaza, nikadhani amekubali. Mama yake hakuambiwa na mtu. Krismasi nilisafiri bila tembe zangu, nikaanguka mbele ya wageni wake wote, katikati ya sufuria za pilau. Tangu siku hiyo wimbo wake ni mmoja: "Sisi tulipeleka mbuzi wazima kwa baba yako Ndululu. Tunataka mke mzima."

Tembe nilizokuja nazo walizimwaga chooni. Nitumie zingine kupitia Nasteho. Na mwambie baba aje aongee na hawa watu. Naogopa, Kaluki. Siandiki hivyo ili unihurumie, naandika kwa sababu ndivyo ilivyo.

Mdogo wako,
Kavindu


Matinyani, 8 Februari 2025

Kavindu mpendwa,

Barua yako ilinikuta nikipura ndengu. Nilizipiga zile ndengu hadi jirani akaja na panga akidhani nimeona nyoka.

Nimemsomea baba. Alisikiliza huku akikwangua mpini wa jembe, kisha akasema, "Ngoja kidogo. Maombi hayajawahi kuua mtu." Nikamwambia kifafa kimewahi. Akaendelea kukwangua.

Nitakueleza kinachomfunga, na usimchukie. Siku akina Musyimi walipoleta mbuzi wa ntheo, wale wa kuifanya ndoa iwe ndoa, yule baba mdogo wao Mwau aliuliza mbele ya wazee, "Msichana ana neno lolote?" Baba akajibu, "Hana neno." Nilikuwa nyuma ya mlango na sahani mkononi, nilisikia. Sasa akienda Tawa atasimama mbele ya Mwau yule yule. Baba yetu anaweza kulala njaa wiki, lakini kuitwa mwongo hawezi hata kwa dakika.

Kuna njia nyingine na wewe unaijua. Mbui ya ulee. Baba akipeleka mbuzi wa kukataa na wao wakampokea, ndoa imekwisha. Utakuwa tena mtoto wa Ndululu, na Ndululu ndiye atasimama pale langoni akutoe, maana aliyekuleta hatakuwa tena na neno juu yako. Kuongea nao hawezi, lakini mbuzi anaweza kumpeleka, kwa maana mbuzi hujiongelea. Ila sitamgusia neno hilo mpaka wewe mwenyewe useme. Kwa hivyo nakuuliza, na unijibu bila kuzunguka: unampenda yule mtu?

Tembe nimezipeleka kwa basi leo kwa jina la Nasteho. Meza. Usiniambie mambo ya pepo, meza.

Dada yako anayekasirika kwa niaba yako,
Kaluki


Tawa, 20 Februari 2025

Dada,

Tembe zilifika ndani ya gunia la sukari. Nameza asubuhi na jioni na sijaanguka hata mara moja, kwa hivyo lala usingizi.

Hapa siku zote ni sawa. Tunaamka kabla ya jua, tunaomba, tunapika, tunaombewa. Mama anayetusimamia hupita akimuuliza kila mmoja, "Wewe ni mzima?" Ukisema ndiyo unaambiwa una kiburi, ukisema hapana unaambiwa huna imani. Nimepata muda mwingi wa kulifikiria hilo neno nikisonga ugali wa watu wote hawa. Mkate mzima ni ule ambao haujakatwa. Mtu mzima ni yule ambaye hatumwi tena dukani. Nyanya aliyekuwa mahututi akifumbua macho tunasema yu mzima, hata kama hawezi kuinuka, ilimradi hajafa. Nasteho akiingia huniuliza, "Mzima?" nami humjibu, "Mzima," kama watu wote duniani, na hakuna anayenishika kichwa. Sasa niambie mimi ni upi kati ya hao. Mama Musyimi anataka ule mkate.

Jumapili ya mwisho ya Machi ni siku ya ushuhuda. Atakayesimama kanisani, mbele ya watu wake, na kutangaza kwamba amepona, anafunguliwa lango. Asiyesimama anabaki. Kuna mama hapa amebaki tangu mvua ya mwaka juzi. Aliyemleta alihamia Mombasa.

Umeniuliza kama nampenda Musyimi. Ndiyo, nampenda. Mwambie baba apeleke mbuzi.

Kavindu


Tawa, 10 Machi 2025

Kwa Mzee Ndululu,
Matinyani.

Salamu katika jina la Bwana. Natumaini mlifika nyumbani salama siku ya Jumamosi.

Wazee wetu, wakiongozwa na baba mdogo Mwau, wamenituma nikuandikie ili mambo yawe wazi. Mbuzi uliyetuletea hakupokelewa kwa sababu sikio lake la kushoto limekatwa. Mbuzi wa jambo zito kama hili anatakiwa awe mzima, kama vile wale wetu walivyokuwa wazima. Kwa hivyo Kavindu bado ni mke wa boma hili, na ataendelea kuwa mahali alipo mpaka apone.

Mbuzi mlimwacha hapa mkiwa na hasira. Tumemfunga penye kivuli na anakula vizuri. Mnaweza kumtuma mtu amchukue.

Kwa heshima,
Musyimi


Matinyani, 12 Machi 2025

Kavindu,

Nilitaka kukuandikia siku ile ile lakini kwa hasira nilichana karatasi mbili.

Baba alienda, nami nikamfuata. Alivaa koti lake la kanisani, akachagua dume bora kuliko wote zizini, na njia yote alimshika kamba mwenyewe. Kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekifikiria ni sikio. Mbuzi wote wa Ndululu wamekatwa sikio la kushoto, ni alama ya ukoo, tumeiona tangu tukiwa watoto hadi hatuioni tena. Kwetu mbuzi asiye na ile alama ndiye wa kutiliwa shaka. Baba angempelekaje mbuzi ambaye si wake?

Mwau alimzunguka yule dume akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nakuapia alikuwa ameshafungua mdomo kupokea. Ndipo mume wako akatoka nyuma ya watu, akainama, akalishika sikio kwa vidole viwili na kusema, "Huyu si mzima." Hakuna mzee aliyekuwa ameona! Ni yeye. Mama yake akacheka. Wakaanza tena, "Mbuzi si mzima, msichana si mzima, huyu Ndululu ana kitu gani kizima kwake?"

Baba akaiachia kamba, akageuka tukaondoka. Jana nilimwambia tutafute mbuzi mwingine kwenye soko la Tulia, asiye na alama. Akasema, "Harudi mtu. Nimeaibishwa mara moja, inatosha." Tangu hapo anaenda shambani mapema na kurudi giza likiingia ili nisimguse.

Na wewe ulisema unampenda huyo. Samahani, lakini sijui unapenda nini.

Endelea kumeza dawa. Sitakuacha.

Kaluki


Tawa, 16 Machi 2025

Mpenzi Kavindu,

Nasteho ndiye pekee wa nje anayeingia huko, kwa hivyo nilimwendea. Alikataa kwanza kuipokea barua hii. Aliniuliza kama nina haya. Nilimwambia ninayo, ndiyo maana naandika badala ya kuja.

Najua Kaluki amekuambia kuhusu sikio. Ni kweli, ni mimi. Baba mdogo Mwau alikuwa tayari kusema "tumepokea," na nilijua akishasema, umeenda, na sitakuwa na haki hata ya kuuliza umelalaje. Nikamtazama yule mbuzi nikitafuta kosa, kosa lolote. Nikaona sikio. Wengine walidhani nawatetea wazee wetu. Mimi nilikuwa nashikilia mke wangu kwa kitu pekee kilichokuwa karibu na mkono.

Kavindu, nakuomba. Jumapili ya ushuhuda simama tu useme umepona. Ni maneno machache. Mama ataridhika, lango litafunguliwa, nitakuchukua mimi mwenyewe. Nyumba yetu nimeipiga lipu ndani yote, jioni nikitoka mjengoni. Hakuna siku napita kile chumba bila kukuita kwa moyo. Mimi sina nguvu ya kushindana na mama, unanijua. Nisaidie.

Mume wako,
Musyimi


Tawa, 22 Machi 2025

Musyimi,

Ulilishika sikio la mbuzi ukalichunguza. Siku uliyoniacha langoni mimi hukuniangalia hata usoni.

Sasa nitakuambia mambo ambayo nimemficha Kaluki, kwa sababu angekuja kupiga kelele hapa na Nasteho angefukuzwa. Dawa alizonitumia hazikukaa nami hata wiki. Walizikuta chini ya godoro. Nilisema niliingia nazo mwenyewe, nimezifunga kwenye leso. Nimeanguka tena na tena. Mara ya mwisho nilianguka jikoni, mkono wangu wa kulia ukaingia kwenye moto hadi kiwiko. Waliponitoa hawakunipeleka hospitali. Walinilazimisha kufunga bila chakula wala maji kwa sababu pepo alikuwa "amejionyesha". Kidonda kinanuka. Naandika kwa mkono wa kushoto, ndiyo maana herufi zimelala hivi.

Unaniomba niseme nimepona. Nikisema, nitatoka hapa na kuingia pengine. Kila tembe nitakayoimeza baada ya hapo itakuwa inasema kwamba nilimdanganya Mungu mbele ya kanisa. Nitaanza kumeza kwa kujificha, kisha nitaacha kumeza, kisha siku moja nitaanguka pale ambapo hakuna wa kunivuta kutoka motoni. Hapa nimefungwa na ukuta. Huko nitafungwa na maneno yangu mwenyewe, na hayana lango.

Sisemi. Lakini nataka kutoka, nataka sana, usiku nalia nikiwa nimeuma shuka. Sheria yao inasema aliyenileta ndiye atakayenitoa. Ni wewe. Usingoje Jumapili. Njoo.

Mke wako,
Kavindu


Matinyani, 28 Machi 2025

Nasteho dada yangu,

Nimetoka! Pengine umeshasikia, lakini nilitaka usikie kutoka kwangu.

Alikuja jana, Alhamisi, na nguo za mjengoni, saruji bado kwenye viatu. Nilikuwa naosha sufuria nikasikia mlinzi akimuuliza, "Amepona?" Musyimi akasema, "Aliyemleta ni mimi. Fungua." Mlinzi akasema lazima amwite mchungaji. Akasema tena, "Aliyemleta ni mimi," akashika lango kwa mikono miwili, hakuondoka. Wakafungua. Ni sheria yao wenyewe.

Alinipeleka hospitali, mkono ukasafishwa na nikapewa tembe. Halafu akanileta kwetu Matinyani nipumzike. Ungewaona yeye na baba mezani! Kila mmoja alikuwa anaangalia mahindi yake ya muthokoi kana kwamba yana maandishi. Mwishowe baba akamwongezea kwenye sahani, nikajua amemsamehe. Kaluki bado. Kaluki alimpa chai bila sukari.

Amerudi kwao. Ameahidi Jumapili atasimama yeye badala yangu. Atawaambia kanisani, mama yake akiwepo, kwamba mke wake ana kifafa, anameza dawa, na ataishi hivyo nyumbani kwake. Alisema hivyo akiwa ameshika ule mkono mzima. Nimemwamini, Nasteho. Kwa mara ya kwanza tangu Krismasi nimelala bila kusikiliza mlango.

Samahani ikiwa watakunyima biashara ya jikoni kwa ajili yangu. Mungu akuzidishie.

Kavindu


Tawa, 31 Machi 2025

Mpenzi wangu Kavindu,

Imekwisha. Unaweza kurudi nyumbani.

Jana niliitwa mbele. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima, vile tulivyokubaliana. Mama alikuwa kiti cha mbele pamoja na shangazi zangu wote, na kabla sijafungua mdomo alianza kulia. Alikuwa ananiangalia vile alivyokuwa akiniangalia nilipokuwa mtoto nikiwa na surua. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mke wangu amepona." Kanisa zima lilisimama. Walipiga vigelegele mpaka mchungaji akashindwa kuendelea. Baba mdogo Mwau alinikumbatia. Mama amesema amekosea kukushuku, na ameenda kwa fundi kukushonea nguo ya kuja nayo.

Usikasirike kwanza, nisikilize. Nimefikiria kila kitu. Nyuma ya jiko letu nimeacha tofali moja bila saruji. Ukilivuta linatoka, na ndani pana nafasi ya tembe zako. Ukilirudisha huwezi kuona mstari, nimejaribu hata mimi nikalikosa. Dawa nitakuwa nakununulia mimi, mbali, mjini Wote, ambako hatujulikani. Ukihisi unataka kuanguka, ingia chumbani ufunge mlango, nitawaambia una maumivu ya kichwa. Kovu la mkono tutasema ni mafuta ya kupikia. Hakuna mtu atakayekuuliza jambo lolote tena, maisha yako yote. Si ndicho tulichotaka?

Nakuja kukuchukua Jumamosi.

Mume wako anayekupenda,
Musyimi


Matinyani, 3 Aprili 2025

Musyimi,

Usije Jumamosi.

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nikiwa nimekaa. Kaluki aliniuliza umesema nini, nikampa aisome kwa sauti. Baba naye alinitazama, akavaa koti, akaenda Tulia. Anatafuta mbuzi ambaye hajakatwa popote. Akifika kwenu, ukitaka kumchunguza mchunguze, lakini mpokeeni.

Najua ulifanya kwa upendo. Hilo ndilo linaloniumiza. Angekuwa mama yako ndiye aliyetengeneza pale mahali nyuma ya jiko, ningecheka. Lakini ni wewe, na najua unavyojenga, najua kweli hakuna mstari utakaoonekana. Naliona hilo tofali hata nikifumba macho. Najiona nikingoja mama yako aende kisimani ndipo nilivute. Najiona nikijifungia chumbani nianguke kimya kimya nisiwasumbue, na wewe nje ya mlango ukiwaambia wageni naumwa na kichwa.

Nilikuambia kabla ya harusi, ukanyamaza. Nikakuambia tena mkono ukiwa umeungua, ukaja ukanitoa, na kwa hilo nitakushukuru mpaka nife. Ulikuwa mwanamume pale langoni. Nilidhani utakuwa yule yule Jumapili. Nakupenda, nilimwambia Kaluki na sasa nakuambia wewe, maana sina tena sababu ya kuficha kitu.

Lakini mwanamke uliyemshuhudia kanisani mimi simjui. Hana kifafa, hamezi dawa, hana kovu, hajawahi kuangukia sufuria za mtu. Kanisa lilisimama kwa ajili yake. Nguo inayoshonwa ni yake. Mlitaka mke mzima, na sasa mnaye. Kaa naye.

Kavindu wa Ndululu